Mwanao Atakapokuuliza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii shule zimefungwa na watoto wako nyumbani. Kilichonielemea si kelele wala unga unaokwisha haraka (ingawa unakwisha jamani!), ni maswali. Juzi nilikuwa nachambua mchele na mwanangu wa darasa la tatu, sinia katikati yetu, yeye akitoa kijiwe kimoja na punje tatu nzima. Mara akauliza: "Mama, kama Mungu anajua tunachotaka kabla hatujaomba, sasa tunaomba ili iweje?"

Ndimi zetu wazazi zina jibu la tayari: "Ukikua utaelewa." Lakini mtoto hakukosea. Yesu mwenyewe alisema Baba yenu anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba, na papo hapo akawafundisha kuomba.

Kumbukumbu la Torati 6 tunaipenda, ila wengi tunaishia mstari wa 7, pale pa kuwafundisha watoto uketipo nyumbani na utembeapo njiani. Endelea mpaka wa 20. Mwana anamuuliza mzazi maana ya amri hizi zote, na mzazi anaagizwa ajibu hivi: "Tulikuwa watumwa wa Farao katika Misri, Bwana akatutoa." Mtoto kauliza habari za sheria, anajibiwa kwa ushuhuda wa nyumbani kwao.

Basi nikamsimulia. Mwaka ule baba yake alipopunguzwa kazini, yeye akiwa bado ananyonya, kodi ya nyumba ikatukuta hatuna kitu. Nikaanza kuuza maandazi. Baba yake ndiye aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na ni hapo kwenye beseni la unga nilipomsikia akiomba kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Kazi ile haikurudi. Tuliomba irudi, haikurudi. Lakini hatukulala njaa, na mimi nikampata mume anayesali. Mungu alijua tunachohitaji kuliko sisi tulivyojua. Mtoto akanitazama: "Kumbe baba anajua kukanda maandazi?" Hilo ndilo lililomshangaza! Ila usiku, wakati wa sala, akamwomba baba yake amsimulie tena, na baba akasimulia sehemu ambazo hata mimi sikuzijua.

Wapendwa, niseme kwa upendo. Twisheni tunalipa, hata likizo. Watoto tunawapeleka shule ya Jumapili, tunamwachia mwalimu mmoja watoto wa rika zote kwa saa moja, halafu tunajiona tumemaliza. Wanaimba majina ya vitabu vyote 66 bila kukosea, lakini hawajui Mungu alimtendea nini baba yao. Akina baba, hapa ninawasema ninyi. Timotheo tunasoma imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Ya baba yake haitajwi. Mnarudi watoto wamelala, mkiwakuta macho ni kuuliza tu amekuwa wa ngapi darasani. Mtoto atajuaje kwamba uliwahi kulia mbele za Mungu, na Mungu akasikia? Rudi mapema hata siku moja wiki hii. Zima televisheni baada ya chakula, uwasimulie. Usiifanye hotuba, watasinzia.

Na wewe unayelea peke yako, au ambaye bado uko Misri, hujaona njia, usisubiri mpaka ushuhuda ukamilike. Ada ya muhula ujao haijatimia? Waambie wanao imepungua kiasi gani, mshikane mikono muombe kwa kiasi hicho hicho. Bwana atakapojibu, nao watakuwa mashahidi, na siku moja watakuwa na la kuwajibu watoto wao.