Nilivyoandika shajara ya Kiingereza huku unga ukiumuka

Mei 2022, siku chache baada ya Idi, nilinunua daftari la kurasa 96 katika duka moja la mtaa wa Langoni, hapa Lamu, nikaliweka juu ya kabati la jikoni mahali ambapo mikono ya watoto haifiki. Nilikuwa na miaka 31. Shule niliiacha nikiwa Kidato cha Pili, nikaolewa, nikazaa watatu, na sasa nilikuwa nimeanza masomo ya jioni ili nifanye KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne hapa Kenya, kama mtahiniwa binafsi. Mwalimu wetu wa Kiingereza, msichana wa kutoka bara ambaye ni mdogo kwangu, alitupa kazi moja tu ya nyumbani kwa wiki 8: nusu ukurasa kila siku, kwa Kiingereza, juu ya maisha yetu wenyewe. Mimi nikimwita Mwalimu, naye akiniita Mama.

Wenzangu waliona ni kazi nyepesi. Mimi nilitamani kuacha darasa.

Mwaka 2007, nilipokuwa Kidato cha Pili, tuliwahi kupewa kazi kama hiyo hiyo. Niliandika juu ya deni la babangu, na juu ya mwenye duka aliyekuja kukaa barazani kwetu asubuhi tatu mfululizo bila kusema neno, akinywa kahawa anayoletewa na mamangu. Mwalimu wa wakati ule aliona imeandikwa vizuri, akaisoma mbele ya darasa zima. Nadhani alitaka kunisifu. Mji wetu ni mdogo, na kabla ya Alasiri mamangu alishaulizwa na jirani kama lile deni limelipwa. Mama hakunipiga wala hakunikemea. Alifunga mlango wa mbele mchana kutwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Toka siku ile nikawa naandika shuleni yale tu ambayo hata yakisomwa gatini hayamdhuru mtu.

Kwa hiyo wiki ya kwanza nilijaza daftari kwa ratiba. Niliamka, nikaswali, nikakaanga mahamri, nikawapeleka watoto, nikapika, nikalala. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mwalimu alipolirudisha daftari hakuwa ametia alama ya kosa hata moja. Chini ya ukurasa wa tano alikuwa ameuliza swali moja: mahamri yana harufu gani?

Swali lile nililibeba siku nzima. Mimi nakaanga mahamri ya kilo nne za unga kila siku, lakini sikujua kuisema harufu yake, si kwa Kiingereza tu, hata kwa Kiswahili. Iliki, ndiyo. Lakini kuna harufu ya hamira kabla ya iliki, ya uchachu kidogo, na tui la nazi linapopata moto huleta nyingine. Usiku ule niliandika sentensi nne juu ya harufu tatu, nikitumia kamusi ya binti yangu aliyekuwa darasa la saba. Zilinichukua muda mrefu kuliko kurasa zote tano za mwanzo.

Hapo ndipo nilipopata wakati wangu wa kuandika. Unga naukanda baada ya Isha, naufunika, naamka saa kumi alfajiri. Nikishausukuma na kukata, vipande navipanga juu ya kitambaa vipate kuumuka tena kabla havijaingia mafutani. Hiyo ni kama nusu saa. Jiko letu, kama majiko mengi ya nyumba za zamani za Lamu, liko juu kabisa. Saa ile hakuna anayepanda, na husikii kitu ila punda mmoja mmoja chini vichochoroni, mpaka adhana. Kurasa zangu nyingi zina alama za vidole vya mafuta. Mwanzo niliziona haya, nikataka kununua daftari jingine. Mwalimu akasema niache.

Saa zilinisumbua kabla ya sarufi. Niliandika kwamba nakaanga saa kumi asubuhi, yaani niliitafsiri saa yetu neno kwa neno, Mwalimu akauliza watu wanakula nini kabla ya hapo. Saa zetu tunazihesabu toka jua lichomoze na toka lizame, Waingereza wanazihesabu toka usiku wa manane na toka adhuhuri, kwa hiyo tofauti ni sita daima. Saa kumi yetu kwao ni nne. Hilo unalizoea kwa siku mbili.

Gumu zaidi ni usiku. Kwetu siku mpya huingia Magharibi. Tukisema usiku wa Ijumaa tunakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao Mwingereza anauita wa Alhamisi. Mimi nilienda kumsomea khitma marehemu shangazi yangu usiku wa Ijumaa, nikaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza, na ukurasa wa Ijumaa yenyewe ukasema nilikuwa nyumbani jioni yote. Mwalimu akadhani nimebuni moja kati ya mambo mawili. Niliumia, kwa sababu khitma ilikuwa ya kweli na shangazi alikuwa wa kweli. Lakini nilipomweleza, alikaa akafikiri, akaniomba niliandike jambo lenyewe: kwamba katika mji wangu siku haianzi usiku wa manane wala alfajiri, inaanza jua likizama. Ukawa ukurasa wangu wa kwanza kupita nusu. Baada ya hapo niliandika tarehe juu ya ukurasa kabla ya neno lolote, kisha ndani nikasema jioni ile, asubuhi ile, bila kutaja jina la siku.

Makosa ya sarufi yaliyonirudia yalikuwa mawili, na yote mawili yanatokana na Kiswahili chetu, kwa hiyo huenda na wewe unayo. La kwanza ni -me-. Sisi twasema nimekaanga, nimekwenda, nimemwona, na shuleni tulifundishwa kwamba -me- ni "have". Basi nikawa naandika "yesterday I have gone". Kiingereza hakikubali. Ukishataja jana, au saa, au siku iliyopita, "have" inaondoka na kitendo kinasimama peke yake katika wakati uliopita: "yesterday I went". Shajara karibu yote ni mambo yaliyokwisha, kwa hiyo wakati wake ni huo, labda pale tu unapoeleza mazoea, yale tunayoyasema kwa hu-.

La pili ni yeye. Kiswahili hakiulizi mume au mke. Amekuja, amekula, basi. Katika kurasa zangu mavyaa wangu, mamake mume wangu, alikuwa "he" mstari huu na "she" mstari wa pili. Nilijaribu kukumbuka wakati wa kuandika nikashindwa, kwani akili inakuwa kwenye jambo, haiko kwenye kiwakilishi. Kilichonisaidia ni penseli. Nikimaliza ukurasa naurudia, nazungushia duara kila "he", "she", "his" na "her", na kwa kila duara najiuliza, huyu ni nani? Dakika mbili tu. Mwisho wa wiki ya tano maduara yenye makosa yalikuwa moja au mawili kwa ukurasa.

Ama maneno yasiyo na Kiingereza, kama baraza, kusi, kaskazi, hayo nilikuwa nayakwepa, na nikiyakwepa hayo nakuwa nimeukwepa mji mzima. Mwalimu alinionyesha njia: liache neno kama lilivyo, na mara ya kwanza ukilitaja liambatanishe na kishazi kinachoeleza. Mara ya pili halihitaji msaada.

Ilikuwa Juni, kusi imekaza. Mume wangu ni mvuvi, yeye na wenzake watatu hutoka kwa mashua. Walikwenda upande wa kisiwa cha Kiwayu, wakatakiwa kurudi kesho yake, hawakurudi. Siku ya pili hawakurudi. Simu haikupatikana. Alfajiri ya siku ya tatu nilikata mahamri kama kawaida kwa sababu watu walikuwa wameagiza, nikakaa na daftari, nikaandika kwa Kiingereza kwamba moyo wangu umepasuka na roho yangu iko juu juu. Nikasoma. Maneno yalikuwa pale, lakini mimi sikuwamo ndani yake. Yalikuwa ya mtu yeyote.

Nikainua macho. Kwenye kamba kulikuwa na kikoi chake cha baharini, alichokivua kabla ya safari. Sikuwa nimekifua. Nikakishika. Chumvi ilikuwa imekaukia upindoni mpaka kitambaa kimekuwa kigumu, ukikikunja kinabaki kama ulivyokikunja. Mistari ilikuwa ya samawati, ila mahali pamoja karibu na ukingo ilikuwa imefifia ikawa karibu nyeupe, na kitambaa kimekuwa chembamba hata naona kidole changu upande wa pili. Ni pale anapopiga fundo kiunoni. Miaka ya kufunga na kufungua mahali pale pale. Nikaifuta ile mistari ya moyo, nikaandika kikoi. Sikuandika kwamba naogopa. Niliandika ugumu wa upindo, rangi, na kidole changu.

Walirudi siku ile ile kabla ya Adhuhuri, walikuwa wamelala Kiwayu wakingoja upepo upoe.

Ukurasa ule niliukunja. Nimesahau kusema kwamba baada ya ile wiki ya ratiba nilimfuata Mwalimu pembeni nikamweleza yaliyonipata mwaka 2007, hali nikitetemeka, mtu mzima mimi. Akasema: "Mama, ukurasa utakaoukunja sitaufungua. Nitahesabu tu kwamba upo." Akalitimiza. Katika kurasa zote 56 nilikunja tisa, na tisa hizo alizitia tiki kwa nje, juu ya mkunjo. Ningependa kila mwalimu anayetoa kazi hii awape wanafunzi wake ahadi hiyo kabla ya kuwaambia habari ya nukta na mkato. Mtoto anayejua kwamba maneno yake yatabaki pale alipoyaweka ataandika, na akiandika sarufi utaipata pa kuisahihisha. Asiyejua atakupa ratiba, kama nilivyofanya mimi.

Kwa wanaosoma kwa ajili ya mtihani: karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina alama 60, na 20 kati yake ni za uandishi wa kiuamilifu, na shajara ni mojawapo ya yale yanayoweza kuulizwa pamoja na barua, ripoti, mapishi na kadhalika. Soma swali uone unaombwa kipi. Ile fupi ya tarehe kwa tarehe ina mistari michache kwa kila siku, na ile ya binafsi hukaa na jambo moja, inalitazama na kueleza mtu alilionaje. Lakini faida kubwa mimi niliipata kwenye karatasi ya tatu, kwenye insha ya kubuni, kwa kuwa nilikuwa na kurasa za vitu nilivyokwisha kuvitazama kwa karibu. Kiingereza nilipata B, somo langu bora kuliko yote.

Mavyaa wangu hajui kusoma herufi hizi zetu za shule. Yeye alisoma chuo cha Kurani utotoni, na mpaka leo anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, katika kijidaftari chake cha wanaodaiwa pesa za mahamri. Zile wiki 8 alikuwa akiniona nikiandika, haulizi. Jioni moja mwishoni mwa Juni tulikuwa tumekaa wawili, akasema, "Waandika nini yeo na yeo? Hebu nisomee."

Ningeweza kumsomea ule wa harufu. Sijui kwa nini nilifungua ule uliokunjwa. Nilimsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri papo hapo, na nikagundua kwamba baadhi ya sentensi zilikuwa nyepesi kwa Kiingereza kuliko kwa lugha yangu, kwa sababu kwa Kiingereza hakuna mtu wa nyumba hii aliyekuwa akinisikia. Alisikiliza mpaka mwisho, ushungi kaushika chini ya kidevu.

Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Fundo liko upande gani?"

Sikuwa nimeandika upande. Nikafikiri, nikasema kushoto.

"Babake naye alikuwa akifunga kushoto," akasema. "Watu wote kulia, yeye kushoto. Huyu hakumwona akifunga. Babake amekufa yeye ana miaka miwili."

Nilipanda juu nikachukua kalamu. Ukurasa ulikuwa umejaa, kwa hiyo nililigeuza daftari nikaiandika kwenye ukingo, kwa wima, sentensi moja ya Kiingereza: kwamba mamake anasema babake pia alilifunga fundo kushoto. Kisha nikashuka nikamwonyesha ilipo, ingawa hawezi kuisoma, naye akapitisha kidole juu yake, kutoka kulia.