Uchovu Usioisha: Kusoma Majibu ya Thairoidi na Madini ya Chuma

Unalala usiku kucha na kuamka kama hukulala, unakwenda kupima, unaambiwa majibu ni ya kawaida. Usiondoke kabla hujapewa karatasi yenyewe. Angalia kwanza ni nini hasa kilichopimwa. Mara nyingi utakuta ni hemoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu) peke yake, nayo haikuelezi akiba yako ya madini ya chuma ikoje.

Chuma kinapoanza kupungua, mwili hutumia akiba kwanza ili chembe nyekundu za damu ziendelee kutengenezwa. Akiba hiyo hupimwa kwa feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini. Ndiyo maana feritini inaweza kushuka hadi 9 huku hemoglobini ya mwanamke ikisoma 12.6, yaani juu kidogo ya mpaka wa 12 g/dL unaotumika kwa mwanamke asiye mjamzito (kwa mwanamume ni 13). Mtu huyo ataambiwa damu yake iko sawa, ilhali chuma kimemwishia. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa feritini kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine kuwa 15 µg/L. Madaktari wengi hushuku upungufu tangu 30, na kwa mtu aliyechoka mimi niko upande wao. Karatasi ikiandika ng/mL usihangaike, namba ni ileile.

Feritini nayo hudanganya. Hupanda ukiwa na maambukizi, ugonjwa wa ini au maradhi kama baridi yabisi, kwa hiyo feritini ya 50 wakati una homa haithibitishi kwamba chuma kinatosha. Omba CRP, kipimo cha uvimbe na maambukizi mwilini, ipimwe kwenye damu hiyohiyo. Ikiwa juu, daktari ataangalia pia asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma. Chini ya asilimia 20 inaelekeza kwenye upungufu. Kipimo cha chuma kilichomo kwenye damu, kikiwa peke yake, sikitegemei hata kidogo: hubadilika ndani ya siku moja na hupanda ukimeza kidonge cha chuma. MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) chini ya 80 inaonyesha chembe ndogo, lakini hiyo yaweza pia kuwa talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Feritini ikiwa ya kutosha, usimeze chuma kwa sababu ya MCV tu.

Kwenye thairoidi, tezi ya shingoni, watu husoma namba kinyume. TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi, haitoki kwenye thairoidi. Hutoka kwenye pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, nayo hufanya kazi kama mnyapara: tezi ya shingoni ikizembea, sauti yake hupanda. TSH ya juu maana yake thairoidi imelegea. Kiwango cha kawaida ni kama 0.4 hadi 4.0 mIU/L, ila fuata kile kilichochapwa na maabara yako.

TSH ikiwa 14 na FT4 (homoni ya thairoidi yenyewe iliyo huru kwenye damu) chini, jibu liko wazi: thairoidi imelegea. TSH ikiwa 6 na FT4 ya kawaida, usikimbilie dawa. Rudia baada ya miezi miwili au mitatu, upime na kingamwili za TPO, yaani zile zinazoishambulia thairoidi. Zikiwepo, uwezekano wa thairoidi kuendelea kudhoofika ni mkubwa zaidi. Madaktari wengi huanzisha dawa TSH ikipita 10, na mapema zaidi kwa mjamzito au anayetafuta ujauzito. TSH ya chini na FT4 ya juu ni thairoidi iliyozidi kasi, nayo huchosha vilevile, pamoja na mapigo ya moyo kwenda mbio na kukonda. Hatari ni FT4 ya chini huku TSH ikiwa ya kawaida au chini: huenda pituitari yenyewe ina tatizo, na aliyepima TSH peke yake hataliona.

Kabla ya kutolewa damu, acha vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini (aina ya vitamini B) kwa siku mbili angalau. Kwa mashine nyingi za maabara, bayotini huishusha TSH na kuipandisha FT4 kwa uongo. Anayetumia levothairoksini, dawa ya thairoidi iliyolegea, ameze kidonge cha siku hiyo baada ya kutolewa damu.

Vipimo vya chuma na vya thairoidi visomwe pamoja. Thairoidi iliyolegea huweza kuleta hedhi nzito inayomaliza chuma, na thairoidi nayo huhitaji chuma kutengeneza homoni zake. Dawa zake, hata hivyo, hazipatani tumboni: acha saa 4 kati ya levothairoksini na kidonge cha chuma, la sivyo chuma kitaizuia isifyonzwe na TSH itapanda bila sababu kuonekana. Chuma humezwa mara moja kwa siku, au siku moja baada ya nyingine kikikusumbua tumbo, mbali na chai na kahawa. Hemoglobini ikirudi sawa, endelea kama miezi mitatu ili akiba ijae. Dozi ya levothairoksini ikibadilishwa, TSH ipimwe tena baada ya wiki 6. Kabla ya hapo haijatulia.

Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na feritini ya chini, vidonge pekee havitoshi. Achunguzwe tumbo na utumbo, hata kama haumwi popote, kwa sababu huenda damu inavuja huko kidogo kidogo.