Nilivyoipata ofu yangu

Ukiwa nesi Dar es Salaam, watu wanaijua rosta yako kuliko wewe mwenyewe. Nikiwa ofu Alhamisi, yaani siku yangu ya mapumziko, wifi anajua, wenzangu wa kikoba wanajua, na jirani wa mlango wa pili ameshafika na mtoto mwenye homa kabla sijanywa chai. Ijumaa narudi wodini nimechoka kuliko nilivyotoka.

Kitu cha kwanza kilichonisaidia ni kuacha kuihesabu siku ninayotoka naiti, zamu ya usiku. Unakabidhi zamu asubuhi, rosta inasema uko ofu, lakini hiyo ni siku ya kulipa deni la usingizi. Tena usingizi wa mchana ni mfupi na mwepesi hata uwe umechoka vipi, kwa sababu saa ya mwili inafuata mwanga. Basi hiyo nikaiita siku ya kulala, sipangi kitu. Nilishona pazia la kitambaa cheusi kizito. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane usiku, maana kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, na kwa wengine zaidi.

Kelele ndiyo iliyonisumbua. Kwetu Kimara mnunua vyuma chakavu anapita na kipaza sauti, rekodi ileile mtaa mzima, na akiishia anaingia wa aiskrimu na muziki wake. Dawa niliyoipata ni feni, hata kama hakuna joto, kwa ajili ya ule mlio wake tu. Saa nane mchana naamka nikitaka nisitake, natoka nje nipate jua, ili usiku nilale na wenzangu.

Kwa hiyo ofu ya kweli inaanza kesho yake. Nilipochunguza nini kinaimaliza, nikakuta si kazi kubwa. Ni kufua, saluni, kujaza gesi, kwenda kwa fundi. Vyote nikavihamishia siku za zamu ya asubuhi: natoka saa tisa na nusu alasiri, bado kuna mwanga wa kutosha, na mwili uliokwisha kuchoka haulalamiki sana ukiuongezea beseni la nguo. Mume wangu akauliza, "Sasa mama, ukiwa ofu hufui, unafanya nini?" Nikamjibu sifanyi kitu. Alicheka. Siku hizi kwenye ofu yangu chai anaipika yeye.

Watu ndio walikuwa kazi. Vikao vya harusi nimeacha kuhudhuria. Mchango natuma mapema kwa simu, tena bila kukumbushwa, kwa hiyo mwenyekiti wa kamati hana la kusema. Wifi alininunia, yakaisha. Na watu wasinidanganye kwamba sherehe ni mapumziko: sare ya kushona, viatu virefu, chakula kinatoka saa tano usiku, halafu asubuhi una zamu!

Jirani sikumfungia mlango, isingekuwa utu. Nilikaa naye nikamweleza dalili za hatari: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamshiki, au anapumua kwa shida. Ukiona mojawapo, dada, gonga hata usiku wa manane, tutakimbia wote hospitali. Homa bila hayo, mpeleke zahanati siku hiyohiyo apimwe malaria, kwa sababu mimi hapa nyumbani kipimo sina na macho yangu hayaoni vimelea. Alielewa kuliko nilivyotegemea.

Kazini nako, kundi la wodi kwenye simu nimelinyamazisha. Nilimwambia mkuu wetu, "Sista, nikihitajika kweli nipigie, lakini ya kwenye kundi nitayasoma nikiingia." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 za kupumzika kila wiki, na sikuhitaji kumtajia, naye ni nesi, anaijua hali.

Siku yenyewe naitumiaje? Mara nyingi ni mkeka chini ya mwembe. Nikipata hamu, nasubiri msongamano wa asubuhi upungue, napanda mwendokasi mpaka Kivukoni, navuka na pantoni kwenda Kigamboni, nakunywa dafu, narudi kabla watu hawajatoka kazini. Sipigi picha.

Misiba bado sijaiweza, na sidhani kama nataka kuiweza. Msiba ukiangukia kwenye ofu yangu naenda, nakaa na wafiwa, napika na wenzangu. Ila siku hizi nikishazika namtafuta mwenzangu wa kubadilishana zamu, na nikiipata hiyo siku, nyumbani nasema mapema kabisa: kesho nimelala.