Mashine Iliyoagwa kwa Wimbo

Wiki hii nimesikiliza albamu moja tu: IBM 1401, A User's Manual ya mtunzi wa muziki Jóhann Jóhannsson wa Iceland, iliyotoka mwaka 2006. Kwa jina lake ungedhani ni kitabu cha maelekezo ya mtambo, na nadhani ndiyo maana wengi huipita. Inaniuma, kwa sababu kisa kilichoizaa ni cha ajabu, tena cha kweli.

IBM 1401 ilikuwa kompyuta ya ofisini, ya kupigia hesabu za mishahara na ankara. Moja iliingia Iceland mwaka 1964, enzi ambazo kompyuta katika kisiwa kile zilihesabika kwa vidole. Fundi mkuu wa kuitunza alikuwa Jóhann Gunnarsson, baba wa mtunzi huyo. Mzee alikuwa mpenzi wa muziki, akaipata mbinu ambayo mafundi wachache tu waliijua: kuiimbisha mashine ambayo haikuundwa kutoa wimbo wowote.

Namna ilivyofanyika inanisisimua mpaka leo. Kumbukumbu ya kompyuta ile ilikuwa vipete vidogo mno vya sumaku, maelfu kwa maelfu, vimetungwa kwenye nyaya kama shanga. Umeme ukipita kuvigeuza usumaku wake, mawimbi huvuja hewani. Waliowahi kuweka simu ya mkononi ya zamani karibu na redio wanakumbuka: kabla simu haijaita, redio inaanza kukwaruza. Ndiyo hayohayo. Redio iliwekwa kando ya mtambo, kisha kompyuta ikapewa programu ya kuichezesha kumbukumbu yake kwa mwendo uliopimwa. Mwendo ukikazwa, sauti inapanda, ukilegezwa, inashuka. Noti ikafuata noti, redio ikaanza kutoa wimbo mwembamba, wenye huzuni.

Mwaka 1971 mashine ikastaafishwa. Hawakuitupa hivihivi. Waliifanyia hafla ndogo ya kuiaga, karibu sawa na mazishi, wakaipigisha nyimbo zake kwa mara ya mwisho huku wakizinasa kwenye kanda. Wakanasa pia ngurumo zake za kazi. Miaka mingi baadaye kanda zikapatikana darini kwa mzee, na mwanawe, ambaye sasa alikuwa mtunzi, akazisikiliza.

Kwanza aliandika muziki wa vyombo vinne vya nyuzi, kwa ajili ya dansi ya rafiki yake Erna Ómarsdóttir. Kwa albamu akaupanua uwe wa okestra ya nyuzi ya watu 60, akaongeza sauti za kielektroniki na sehemu mpya ya mwisho. Kila sehemu kati ya nne za kwanza ina jina la kifaa: mtambo wenyewe, printa, kisomaji cha kadi, kinasa cha utepe.

Sehemu ya kwanza inaanza na ile sauti ya redio, peke yake. Haitetemeki, haivuti pumzi. Halafu fidla zinaingia polepole chini yake, bila kuifunika, kama watu wanaomshika mkono mgonjwa. Nimeirudia mara nyingi kuliko nyingine zote. Ila inayonishika koo ni ya pili, ile ya printa. Bwana mmoja, kwa sauti tulivu ya mwalimu, anasoma maelekezo ya kuikarabati: legeza hiki, rekebisha kile. Ni maneno ya gereji matupu. Nyuma yake nyuzi zinajaa taratibu, na maelekezo yale yanageuka kuwa wosia wa mtu anayekukabidhi kitu alichokitunza, akitaka nawe ukitunze hivyohivyo.

Wapo wanaouita muziki huu baridi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Tumezoea habari za mashine za aina mbili, ama kutukuzwa ama kuogopwa, na zote husimuliwa na watu wasiozishika. Fundi ana habari yake tofauti. Amezifungua, amepakaa grisi, anajua ipi inasumbua na kwa nini, na kuachana nazo kunamuuma. Albamu hii imetoka kwenye uchungu huo, ukiwa umepokewa na mtoto.

Sehemu ya tano ndiyo tunayobishana sana mimi na rafiki zangu. Sauti ya kimashine inaimba maneno ya mshairi Mmarekani Dorothy Parker, ya mtu aliyependa asipendwe. Wenzangu wanasema mtunzi amezidisha chumvi. Mimi naona ana haki. Baada ya sehemu nne ambamo binadamu wanaomboleza, ni sawa mashine nayo ipewe nafasi ya kusema, hata kama maneno tumeiazima sisi.

Jóhannsson alifariki Berlin mwezi Februari 2018, akiwa na miaka 48. Tangu hapo siwezi kuisikiliza albamu hii nikamfikiria yule baba fundi peke yake.

Baba yangu mdogo alifanya kazi karakana ya reli mpaka alipostaafu, na hadi leo gari likipita barabarani anakuambia lina ugonjwa gani kabla hujaliona. Jumamosi nakwenda kwake. Nitamwekea ile sehemu ya printa, nitamtafsiria maelekezo mstari kwa mstari, kisha nimsikilize yeye.