Kambare wa mjomba na maji ya Tana

Jana mama kaletewa kambare wa kubanika na basi la Garsen, nikafungua gunia hapo hapo mlangoni nyumba nzima ikanuka moshi, kila mmoja kaviringwa mkia umepitishwa mdomoni, nikahesabu wako 11 tu. Zamani gunia la mjomba lilikuwa halifungiki.

Nikampigia kushukuru akaniambia ziwa lao limekauka tena, nyasi mpaka katikati. Yale maziwa ya kando ya Tana jamani yanangoja mto ufurike, masika na vuli, maji yakipanda kwenye nyasi kambare anapanda nayo kutaga, vifaranga vinakulia humo, maji yakirudi mtoni samaki wanabaki ziwani na watu wanavua mpaka msimu mwengine. Ndo ufugaji wa Wapokomo, watu wa kando ya Tana, huo, hauna chakula cha kununua!

Sasa huko juu ya mto kuna mabwawa matano ya stima yamefuatana, Kindaruma la 1968 mpaka Kiambere la 1988, na Masinga la 1981 ndo ghala lenyewe la maji. Stima twaitaka sote, hilo sipingi. Ila Masinga likishika maji, mafuriko ya Mei yanafika Garsen yamenywea. Na mkunga wa mtoni je, yeye huzaliwa baharini akapanda mto akiwa mdogo kama uzi, akikomaa arudi chumvini kutaga, kuta zile zimemkatia njia.

Kila nikiskia habari za samaki wa Tana ni vizimba vya kufugia na tilapia mabwawani, sawa, tilapia dume anakua upesi na watu wa huko nao wale, lakini chakula peke yake chala zaidi ya nusu ya gharama, kijana wa Ngao, kijiji cha huko chini ya mto, atatoa wapi? Mimi naomba maji yafunguliwe kwa mpango msimu wa masika, watu watangaziwe mapema wahamishe mifugo, sio kama 2024 bwawa limejaa mpaka likamwagika na mashamba yakazama.

Hapa Mombasa wengi wanasema samaki wa maji matamu ananuka tope, waje kwetu leo, mama ameroweka watatu anawatia tui zito na ukwaju. Wanane ameficha kwenye friza.

Mjomba mtumbwi ameupindua chini ya mwembe, ameufunika makuti usipasuke na jua.