Kuifufua pampu ya TS 8/8: kumbukumbu ya mradi katika kikosi cha zimamoto cha kujitolea

Januari

Nimeanza rasmi kazi ya kuifufua pampu ya zamani ya kikosi chetu, na ninaandika kumbukumbu hii ili atakayeishika baada yangu ajue kilichoguswa, kilichobadilishwa na kilichoachwa kama kilivyokuwa. Kikosi chenyewe ni cha kijiji kidogo katika jimbo la Hessen, Ujerumani, ninakoishi tangu nilipotoka Tanga, mji nilikojifunzia ufundi wa injini. Nyumbani tulizoea kwamba nyumba ikishika moto majirani huanza kwa ndoo na mchanga, huku mmoja wao akipiga 114 kuliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hapa namba ni 112, na wanaofika ni majirani walewale, ila wamefunzwa, wamevaa makoti ya kukinga moto na wamekuja na gari lao. Zimamoto wa kuajiriwa wako katika miji mikubwa. Kwingineko kazi hii hubebwa na watu wa kujitolea, ambao nchi nzima wanafikia takriban milioni moja. Peja, yaani kifaa kidogo cha kutuita kazini, ikilia, seremala huacha randa, karani huacha meza yake, nami hutoka chini ya gari la mteja, na sheria inamtaka mwajiri aturuhusu kwenda.

Pampu nimeikuta nyuma kabisa ya kituo, imefunikwa turubai na kupangiwa koni za barabarani juu yake. TS ni kifupi cha jina la Kijerumani la pampu ya zimamoto inayobebwa kwa mikono. Nane ya kwanza ni lita 800 kwa dakika, na nane ya pili ni bar 8 za shinikizo, maji yakiwa yananyonywa kutoka mita 3 chini ya pampu. Uzito wake unakaribia kilo 190, kwa hiyo huinuliwa na watu wanne, kila mmoja na mpini wake. Injini ni ileile ya Volkswagen Beetle ya zamani, ya cc 1192, yenye silinda nne zilizolala mbili kila upande na kupozwa kwa hewa. Nilipoifunua nikaiona, nilijua kwamba kazi hii ni yangu, kwa maana injini za namna hiyo ndizo za kwanza nilizowahi kuzifungua.

Mkuu wa kikosi aliniuliza kwa nini nihangaike wakati gari letu lina pampu mpya. Nilimjibu kwa hesabu. Tangi la gari lina lita 500. Nozeli moja ya C, yaani ya mpira mwembamba, iliyofunguliwa kwa lita 100 kwa dakika huyamaliza maji hayo katika dakika tano, na baada ya hapo ni lazima haidranti (bomba la barabarani la maji ya zimamoto) au kijito viwe vimekwisha kuunganishwa. Upande wa juu wa kijiji mabomba ya maji ni membamba, na kiangazi kikiwa kikavu shinikizo hushuka sana. Kijito kipo, lakini kutoka pale hadi nyumba za juu ni mita 600 za mpira na mwinuko wa mita 40. Mpira wa B, ulio mpana kuliko wa C, ukipitisha lita 800 kwa dakika hupoteza zaidi kidogo ya bar moja kwa kila mita 100 kutokana na msuguano, na kila mita 10 za mwinuko hula bar moja nyingine. Jumla inafika bar 11 kabla hata nozeli haijapata chochote, ilhali pampu moja hutoa 8. Bila pampu ya pili kupokezana na ya kwanza njiani, maji hayafiki. Alikubali, akanipa ufunguo wa stoo na Jumamosi zangu zote.

Februari

Nimeanza na injini, nayo haikunisumbua sana. Petroli iliyobaki ndani ya kabureta ilikuwa imekauka na kuwa kama gundi. Nimeiloweka, nikazipuliza njia zake zote kwa hewa, na sasa tunatumia mafuta maalumu yasiyoharibika upesi yakikaa. Tangi la petroli lilikuwa na kutu, nimelisafisha. Oili mpya lita 2.5. Silinda ya tatu ilikuwa na mgandamizo wa bar 5 huku wenzake wakiwa karibu na 7, na sikushangaa, kwa kuwa katika injini hizi silinda ya tatu ndiyo hupata joto kubwa zaidi, kipozeo cha oili kikiwa kimesimama katika njia ya hewa yake. Valvu ya moshi haikuwa na nafasi hata kidogo. Nimeirekebisha ikawa 0.1 mm injini ikiwa baridi, na mgandamizo ukapanda. Pointi za kuwashia cheche nimezisugua na kuziweka kwenye 0.4 mm, plagi zote nne ni mpya. Jumamosi ya tatu iliwaka kwa mara ya nne ya kuzungushwa. Bomba la moshi nilikuwa nimeliunganisha na mpira unaotoka nje ya mlango, na ninaomba yeyote atakayeiwasha ndani ya kituo afanye vivyo hivyo, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu ya kumwonya mtu.

Kazi ilikatizwa usiku mmoja na moto wa bomba la moshi la nyumba moja karibu na kanisa. Ninaueleza kwa kifupi kwa sababu kila mwanakikosi mpya huja akiamini kwamba moto wote huzimwa kwa maji. Masizi yakiwaka ndani ya dohani, yaani hilo bomba la moshi la nyumba, hatumwagi maji hata kikombe. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka mara 1,700 hivi, na dohani iliyofungika inaweza kupasuka na kuutapika moto ndani ya vyumba. Tulimwita fundi wa dohani, tukasugua kwa brashi na mnyororo kutoka juu, tukayapokea masizi chini kwa ndoo za chuma, na kwa saa tatu wenzetu walikuwa wakigusa kuta za kila ghorofa kwa viganja kupima joto. Mpira wenye maji ulikuwa tayari mlangoni, lakini haukufunguliwa.

Machi

Mwezi huu wote umekwenda kwenye ombwe, yaani hali ya kuondolewa hewa ndani ya pampu, na hapa ndipo ulipo uhai wa pampu ya kunyonya. Pampu haiyavuti maji kama mtu avutavyo kamba. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na hewa ya nje inayoukandamiza uso wa kijito ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Kila 0.1 ya bar ya ombwe huinua maji karibu mita moja, na hata pampu iliyo kamilifu haiwezi kupita mita 10 na kidogo; kwenye kazi tunahesabu 7.5 na hatuthubutu zaidi. Katika TS hii hewa hutolewa na moshi wa injini wenyewe: ukivuta wenzo, moshi hupitishwa kwenye tundu jembamba kwa kasi kubwa, na kasi hiyo huiburura hewa kutoka ndani ya pampu. Injini hunguruma kwa namna inayomtisha asiyeizoea.

Kipimo tunachokitumia ni kile kinachofundishwa katika kila kozi ya waendesha pampu. Ufunge matundu yote, uvute, na ombwe lifike bar 0.8 ndani ya sekunde 30. Kisha uzime, usubiri dakika moja, na sindano isirudi zaidi ya 0.1. Yetu ilifika 0.6, na baada ya dakika moja ikawa imerudi hadi 0.2.

Nikahukumu kwamba kosa ni la sili za shafti, kwa kuwa ndizo zinazozeeka pampu ikikaa kavu miaka mingi. Nilifungua kichwa cha pampu, nikang'oa impela (gurudumu linalosukuma maji), nikaagiza sili, nikafunga upya. Jumamosi mbili zilikwenda hapo. Baada ya yote hayo sindano ilifika 0.65 na kurudi hadi 0.3. Sili za zamani, nilipozitazama vizuri mezani, hazikuwa na ubaya wowote.

Mzee mmoja wa kikosi, ambaye aliiendesha pampu hii miaka mingi kabla sijazaliwa, alikuja, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: ni sehemu gani ya pampu ambayo mkono wa mtu umeigusa mara nyingi zaidi? Jibu ni bomba dogo la kumwagia maji chini ya pampu. Kila baada ya kazi ni lazima lifunguliwe, kwa sababu maji yakibaki ndani majira ya baridi yataganda, na barafu hupasua chuma cha pampu kama mhogo. Kwa hiyo bomba hilo limefunguliwa na kufungwa mara zisizohesabika, na kila mara mchanga wa kijito umepita ndani yake. Nililipaka povu la kunyolea ndevu, nikavuta ombwe, na povu likanyonywa ndani mbele ya macho yetu. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja kwenye kikalio chake, pale linapozibia, mwembamba kama unywele. Nilikisaga kikalio, nikaweka pete mpya ya mpira, na jioni ile sindano ilifika 0.85 katika sekunde 24 na kurudi chini ya 0.05.

Nimeandika hili kwa urefu kwa sababu nilianza na sehemu iliyo ngumu kuifikia, huku iliyo rahisi ikiwa haijapimwa. Atakayekuja baada yangu aanze na povu.

Aprili

Mipira minne ya kunyonya, kila mmoja mita 1.6 na upana wa mm 110, imetolewa na kuoshwa. Viungo vyake ni vya Storz, vyenye pande mbili zinazofanana kabisa, hata usiku wa giza hakuna haja ya kutafuta upande dume na upande jike: unakutanisha, unazungusha, unakaza kwa spana yake. Ninaviheshimu sana vyuma hivi.

Pampu peke yake ilikuwa ikishika ombwe, lakini ilipofungwa mipira ilipoteza 0.3 kwa dakika. Safari hii sikufungua kitu kabla ya kupaka povu. Viungo viwili kati ya vitano vililivuta. Pete zake za mpira zilikuwa nzima na laini, ila zilikuwa pete za shinikizo. Pete ya namna hiyo huziba maji yanapoisukuma kwa ndani. Hewa ikitaka kuingia kutoka nje, mdomo wake huinuka na kuipisha. Mtu fulani zamani alichukua zilizokuwa karibu. Nimeweka pete za kunyonya katika viungo vyote, na za shinikizo nimezihamishia kwenye kopo lenye maandishi makubwa.

Mei

Tumeipeleka kijitoni. Watu wanne waliibeba kuvuka malisho ambako gari lingezama, wengine wakafunga mipira minne na chujio, wakapitisha kamba ya kushikilia kwa fundo juu ya kila kiungo na kufunga kamba ya pili kwenye valvu ya chujio, kisha wakautelemsha mpira majini. Mimi nilikuwa kwenye pampu. Nilivuta wenzo, injini ikanguruma, ombwe likapanda hadi karibu 0.3 na kusimama hapo kwa muda nilioona mrefu mno, kisha geji ya shinikizo ikatikisika. Nikarudisha wenzo, nikapunguza mafuta, nikafungua tundu la kwanza la B polepole. Kutoka amri hadi maji kwenye nozeli zilipita dakika tatu na sekunde 40. Vijana wa kikosi cha watoto, walioshika nozeli kwenye ukingo wa malisho, walipiga kelele hadi ng'ombe wa shamba la pili wakahama.

Tuliiendesha dakika 45 kwa bar 8 bila joto kupita kiasi. Tundu la pili la B linadondosha tone kila baada ya sekunde chache. Gasketi yake imeagizwa. Geji ya ombwe nitaibadilisha, kwa sababu sindano yake hushikwa kidogo inaporudi kwenye sifuri. Mwezi Juni tutailaza mipira yote 30 ya B hadi nyumba za juu, pampu ya gari ikiwa kijitoni na TS hii ikipokea katikati ya mwinuko, nami nitakuwa nikitazama geji ya upande wa kuingilia, ambayo haitakiwi kushuka chini ya bar 1.5.