Mfupa wa ng'ombe kwenye taya langu

Nimetoka kwa daktari wa meno sasa hivi, shavu limevimba na ganzi bado haijaisha.

Magego ya juu niling'oa miaka 8 iliyopita nikaacha pengo tu, kumbe mfupa unaliwa polepole na ule uwazi wa hewa ulio juu ya magego, pembeni ya pua (sinus), unashuka, nimebakiwa na milimita 3 za mfupa, skrubu ya kushikilia jino bandia haiwezi kushika hapo. Kwa hiyo leo ilibidi anijazie mfupa kwanza.

Kabla hajaanza nikamuuliza, dokta hiyo ya kujazia inatoka wapi?

Akanionyesha kichupa. Chembechembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Mfupa wa ng'ombe uliosafishwa ukabaki madini tu. Akasema upo pia wa binadamu aliyejitolea, na wa kutengenezwa maabara.

Na kile kiutando cha kufunikia hizo chembechembe? Maana vingine ni vya nguruwe. Akanisomea boksi palepale, ng'ombe pia. Jamani moyo ulitulia.

Akazichanganya zile chembechembe na damu yangu kwenye kibakuli, zikawa kama mchanga mbichi.

Sasa nasubiri miezi 6 mfupa ushike ndipo niwekewe skrubu, na wiki hizi hakuna kupenga kamasi, chafya mdomo wazi.

Nani ameshapitia hii? Uvimbe uliisha siku ya ngapi?